Muulize Mwalimu: Bibi wa Majimaji, fuko wa Tsavo na vidonge vyangu vya kisukari

Toleo lililopita niliandika kuhusu mvi, nikadhani nitaulizwa habari za hina na piko. Wapi! Maswali mengi yameruka mvi yakaenda moja kwa moja kwenye uzee wenyewe: unatoka wapi, nani ameweza kuuchelewesha, na dawa yake inauzwa duka gani. Nimechagua machache, nimeyafupisha, na majina nimeyaacha kama wenyewe mlivyoomba.

Shikamoo Mwalimu. Bibi yetu mzaa baba amezaliwa wakati wa vita vya Majimaji. Husimulia jinsi mama yake alivyokimbia naye porini akiwa mgongoni. Bado anaona, mchele anapeta mwenyewe. Tunataka kumwandikisha kwenye rekodi za dunia lakini ndugu wengine wanatukatisha tamaa. Tuanzie wapi? (Mjukuu, Songea)

Marahaba, mjukuu. Anzieni kwa watoto wake. Katika barua yako ndefu, sehemu niliyoikata, umesema baba yako mdogo, kitinda mimba wa bibi, alizaliwa mwaka 1968. Majimaji ilianza 1905 ikazimwa 1907. Basi hata kama bibi alizaliwa siku ya mwisho kabisa ya vita, huyo kitinda mimba alimzaa akiwa na miaka 61. Mimi nimefundisha baiolojia miaka 34, na hapo kalamu yangu nyekundu inajiandikia yenyewe.

Halafu jiulize: mtoto wa mgongoni anakumbuka vita? Anakumbuka alichosimuliwa. Nadhani aliyebebwa porini ni mama yake bibi, au dada mkubwa, na kisa kimepokezana vinywa hadi kikamkalia yeye. Si uongo. Ndivyo familia zinavyotunza historia. Kama alimzaa baba mdogo akiwa na miaka 42, hesabu inatupeleka karibu na 1926. Hapo bado mna bibi aliye jirani na karne, na mchele anapeta mwenyewe. Mnataka nini tena?

Kwa rekodi, aliyeishi miaka mingi kuliko wote kwa ushahidi wa maandishi ni Jeanne Calment wa Arles, Ufaransa. Alizaliwa tarehe 21 Februari 1875, akafa 4 Agosti 1997: miaka 122 na siku 164. Mwaka 1965, akiwa na miaka 90, mwanasheria mmoja alikubaliana naye amlipe faranga 2,500 kila mwezi, na siku atakapofariki nyumba iwe ya mwanasheria. Hesabu ya mtu mzima na akili zake, au sivyo? Mwanasheria alifariki mwaka 1995, nyumba hajaingia, na mjane wake ikabidi aendelee kulipa. Hata huyu Calment, mwenye vyeti na sensa za mji tangu utotoni, mwaka 2018 alizuliwa kesi na mtafiti wa Urusi aliyedai kwamba aliyekufa 1997 ni binti yake, aliyevaa jina la mama. Watafiti wa Ufaransa walijibu kwa nyaraka mwaka uliofuata, na rekodi imebaki.

Kama mwenye makaratasi yote hayo anatiliwa shaka, bibi yetu asiye na hata moja itakuwaje? Mama yangu mzazi amekuwa na miaka 85 kwa miaka sita mfululizo. Kitambulisho chake kinasema alizaliwa tarehe 1 Julai, yeye pamoja na nusu ya wazee wa Ngamiani. Na msidhani ni ushamba wetu. Mwaka 2010 huko Tokyo maofisa walikwenda kumpongeza mzee wa miaka 111 wakakuta mifupa kitandani. Alikuwa amekufa tangu miaka ya 1970, pensheni ikiendelea kuingia. Serikali ilipopekua daftari zake ikakuta majina zaidi ya 230,000 ya watu waliovuka miaka 100 ambao hakuna anayejua waliko. Mtafiti Saul Newman alichimba jambo hilo hilo Marekani: jimbo lilipoanza kutoa vyeti vya kuzaliwa, idadi ya watu wanaorekodiwa kufikisha miaka 110 ilishuka kwa asilimia 69 hadi 82. Cheti kikija, wazee wa ajabu wanatoweka. Mwaka 2024 alipewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti unaochekesha kwanza kisha ukakufikirisha.

Kama bibi alibatizwa, nendeni parokiani mkaombe daftari la ubatizo. Wabenediktini wako Peramiho tangu 1898 na wale watu walikuwa wanaandika. Tafuteni jina lake, la mama yake, na la huyo dada mkubwa.

Mwalimu, mimi ni mwanachuo, nina miaka 23, sina kisukari. Nimesikia metfomini inaongeza maisha na kwamba matajiri wa ng'ambo wanaimeza. Babu anapewa kliniki na nyingine zinabaki. Nikimeza kimoja kwa siku kuna ubaya? (Mwanachuo, Morogoro)

Swali langu kwako kwanza: kwa nini zinabaki? Metfomini ya kliniki haibaki. Ikibaki, babu anaruka dozi. Kamuulize leo, kabla hujamaliza kusoma jibu hili.

Mimi dawa hiyo naimeza, miligramu 500 asubuhi na 500 usiku, katikati ya chakula. Wiki mbili za mwanzo sikwenda mahali pasipo na choo karibu. Leo tumezoeana, ila daktari hunipima figo, na mara moja alinipima vitamini B12 kwa sababu dawa hii ikitumika miaka mingi huishusha. Hayo nayavumilia kwa kuwa sukari ingenifanyia mabaya zaidi. Wewe utavumilia kwa lipi?

Habari uliyosikia ina chanzo. Mwaka 2014 watafiti wa Uingereza walikuta wagonjwa wa kisukari wanaotumia metfomini wanaishi kidogo zaidi ya watu wasio na kisukari kabisa. Ajabu, na dunia ikachangamka. Mwaka 2022 watafiti wa Denmark walirudia swali hilo kwa takwimu zao, na hiyo faida hawakuiona. Maabara tatu za Marekani zinazojaribu dawa kwa panya kwa pamoja (moja Maine, moja Michigan, moja Texas) ziliwapa panya metfomini peke yake na umri haukuongezeka kwa kiasi cha kuhesabika. Upo mpango wa jaribio kubwa kwa binadamu, unaitwa TAME, unaongozwa na Nir Barzilai wa New York: watu 3,000 wenye miaka 65 hadi 79, wafuatiliwe miaka sita. Umezungumzwa miaka mingi, fedha ndizo zinazosuasua, maana kidonge ni cha zamani na cha bei rahisi, hakuna kampuni itakayotajirika nacho. Na tazama umri wa wanaotakiwa. Hakuna aliyekutaja wewe wa miaka 23.

Jambo jingine, kwa kuwa najua vijana mnapenda vyuma. Mwaka 2019 yalichapishwa majibu ya jaribio la wazee waliofanya mazoezi ya kunyanyua vyuma kwa wiki 14. Waliokuwa wakimeza metfomini walijenga misuli michache kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa. Umeze, halafu ukatoe jasho bure?

Kama unataka dawa iliyoongeza umri wa panya kweli, hiyo ni nyingine, inaitwa rapamaisini, na kisa chake kinanifurahisha kuliko vyote. Mwaka 1964 wanasayansi kutoka Kanada walikwenda Rapa Nui, kisiwa cha Chile kilicho peke yake katikati ya Pasifiki, kile chenye sanamu za vichwa vikubwa, wakachota udongo. Katika udongo ule Suren Sehgal na wenzake mjini Montreal walipata bakteria anayetoa kitu kinachoua fangasi. Miaka ya 1980 kampuni ilipofunga maabara hiyo, Sehgal alichukua sehemu ya mali ile akaihifadhi kwenye friza ya nyumbani kwake, kando ya chakula cha familia. Baadaye ikaonekana inatuliza kinga ya mwili, na tangu 1999 hupewa waliopandikizwa figo ili mwili usiikatae.

Wale wa maabara tatu walipotaka kuijaribu kwa panya, dawa ilikuwa inaharibika ndani ya chakula. Mpaka walipopata njia ya kuifunika kwa vidonge vidogo mno, panya wao walikuwa wameshafikisha siku 600, kama mtu wa miaka 60. Wangeweza kuwatupa. Wakasema tuwape tu. Mwaka 2009 wakatangaza: ukipima umri ambao panya tisa kati ya kumi wameshakufa, majike walisogea mbele kwa asilimia 14 na madume kwa asilimia 9. Wazee, wameanza wakiwa wazee! Nilikuwa bado nafundisha. Kesho yake niliingia kidato cha sita nikaacha somo la siku hiyo, nikawapigia hadithi hiyo vipindi viwili.

Lakini panya wa maabara hutunzwa katika vizimba visafi, malaria haiwafikii wala kifua kikuu. Dawa inayolaza kinga ya mwili, Morogoro, kwa mtu mzima wa afya? Hapana, mwanangu. Rudisha vidonge vya babu kwenye kopo lake.

Hujambo Mwalimu. Kwetu Voi kuna fuko wasio na manyoya, wabaya wa sura. Mgeni mmoja aliniambia hawazeeki. Ni kweli? (Msomaji, Taita)

Sijambo. Mgeni wako hakukudanganya sana. Fuko huyu makao yake ni nchi kavu ya Kenya, Ethiopia na Somalia, na wewe unamjua kuliko mimi niliyemwona kwenye picha tu: meno nje ya midomo, ngozi ya waridi imejikunja kama soksi iliyolegea, anarusha udongo juu kama volkano ndogo. Wanaishi kama nyuki, malkia mmoja anazaa, wengine vibarua. Wengi walio katika maabara za dunia ni uzao wa fuko waliochukuliwa Kenya karibu nusu karne iliyopita.

Panya wa ukubwa wake akifika miaka mitatu amezeeka. Fuko huyu anavuka 30. Sasa, tangu 1825 kuna kanuni ya Mwingereza Benjamin Gompertz, aliyekuwa akifanya hesabu za bima: ukishakuwa mtu mzima, uwezekano wako wa kufa mwaka huu unaongezeka kwa mpigo, kwa binadamu unakuwa maradufu kila baada ya miaka minane hivi. Mimi wa miaka 68 niko mara mbili ya nilivyokuwa nikiwa na 60. Mwaka 2018 Rochelle Buffenstein na wenzake walipekua kumbukumbu za fuko zaidi ya 3,000 na ile ngazi hawakuiona: fuko wa miaka 20 hakuwa na hatari kubwa ya kufa kuliko wa miaka mitano. Hapo ndipo maneno ya mgeni wako yalipotoka.

Ila wanakufa. Saratani, iliyosemekana hawaipati kabisa, ilionekana kwa wachache mwaka 2016. Na alama zinazojiandika juu ya DNA kadiri miaka inavyopita, ambazo siku hizi hutumika kukadiria umri wa mnyama kwa tone la damu, zinabadilika kwao pia. Kwa hiyo saa inatembea, ila polepole, na hatari haipandi kama yetu. Siri moja iko kwenye ute mzito ulio kati ya seli zao. Watafiti wa Rochester, Marekani, walichukua jeni ya fuko inayoutengeneza wakaipandikiza kwa panya, na mwaka 2023 wakaripoti kwamba umri ambao nusu ya panya hao wameshakufa umesogea mbele kwa asilimia 4.4. Ni kidogo, lakini ni tunu ya mnyama mmoja iliyohamia kwa mwingine ikafanya kazi.

Umeuliza pia kama ukimla utaishi sana. Hapana. Usimle.

Assalaam alaykum Mwalimu. Nafunga Jumatatu na Alhamisi. Naambiwa sayansi imethibitisha kufunga kunarefusha umri. (Wete, Pemba)

Wa alaykum salaam. Ibada yako haihitaji cheti cha maabara, kwa hiyo tuyatenganishe. Clive McCay wa Cornell alionyesha mwaka 1935 kwamba panya wanaopewa chakula kidogo lakini chenye virutubisho vyote wanaishi zaidi. Kwa nyani aina ya rhesus, kituo kimoja cha Marekani kilisema mwaka 2009 ndiyo, kingine 2012 kikasema hapana, na 2017 wakakaa pamoja wakagundua kwamba vyakula vyao havikuwa sawa na umri wa kuanzia haukuwa sawa. Kwa binadamu, watu 218 wasio wanene waliombwa wapunguze chakula kwa robo kwa miaka miwili. Waliweza kama asilimia 12, na nawapongeza. Presha ilishuka, mafuta ya damu yakawa mazuri, mifupa nayo ikapungua uzito kidogo. Kuhusu umri, miaka miwili haitoshi kusema lolote.

Na futari, kaka yangu? Viazi vya nazi, katlesi, kaimati za shira. Unaweza kufunga Alhamisi ukanenepa Alhamisi.

Kweli tajiri wa Marekani amejiwekea damu ya mwanawe ili awe kijana? (Mwanza)

Kweli, Bryan Johnson, mwaka 2023, na ni maji ya damu, si damu nzima. Mwana alikuwa na miaka 17. Baadaye mwenyewe akatangaza kwamba hakuona faida yoyote. Wazo lilitoka kwa panya waliounganishwa mishipa, mzee na kijana, huko Stanford mwaka 2005, na misuli ya mzee ikapona vizuri zaidi. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilishatoa onyo mwaka 2019 dhidi ya wanaouza huduma hiyo. Kama mnayo damu ya ziada, hospitalini kuna akina mama wanaojifungua.

Mwalimu, mume wangu ananitania kwamba tangu hedhi ikome kazi yangu duniani imekwisha. Kwa nini tunaishi miaka 30 mingine? (Mama wa wanne, Dodoma)

Mpeleke mume wako Eyasi, si mbali sana na hapo mlipo. Miaka ya 1980 Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones walikaa na Wahadzabe wakipima nani analeta chakula gani nyumbani. Walitarajia kuwaona wanaume na nyama. Wakawaona bibi. Wanawake wa miaka 60 na zaidi, wana fimbo za kuchimbia, wameinama kwenye ardhi ngumu wanatoa mizizi iitwayo ekwa, saa nyingi kuliko mabinti zao. Mama akiwa na kichanga na mikono imefungika, uzito wa yule mtoto mkubwa aliyeachishwa ziwa unafuata kazi ya bibi: bibi akichimba sana mtoto ananawiri. Kutokana na hapo Hawkes akajenga hoja kwamba binadamu ameumbika kuishi baada ya uzazi kwa sababu bibi waliodumu waliacha wajukuu wengi waliopona.

Wahadzabe hao hao wanajibu swali ambalo wengi mmeniletea, kwamba zamani watu walikuwa wanakufa na miaka 35. Wastani wao wa umri tangu kuzaliwa ni miaka thelathini na kitu, kwa sababu watoto wengi wanafariki. Aliyevuka utoto ana nafasi nzuri ya kuona miaka 60, na wapo wa 70. Wastani si ukuta.

Hoja ya bibi haijapita bila kupingwa, na napenda kipingamizi chake kinavyotoka hapa jirani. Mwaka 2023 watafiti wa Ngogo, msitu wa Kibale, Uganda, walionyesha kwamba sokwe majike wa pale nao uzazi hukoma karibu na miaka 50 na wengine wanaendelea kuishi. Na sokwe jike akikua huhama kundi, kwa hiyo mama hana wajukuu wa binti karibu wa kuwalea. Kwa nini basi waishi? Bado wanabishana. Mimi naegemea upande wa ekwa, labda kwa upendeleo, kwani wajukuu wangu wawili wako hapa mezani sasa hivi wanamaliza uji nilioupika mimi.

Majibu mafupi

Msomaji wa Kigoma: siuzi chochote. Ile chupa ya vidonge vya "kurefusha telomea" uliyoambiwa natumia, niliinunua kwenye semina moja ya hotelini kwa shilingi 120,000, nikameza miezi mitatu, na kilichopungua ni shilingi 120,000. Telomea ni ncha za kromosomu, zinafupika seli inapojigawa, na walioeleza jinsi zinavyolindwa walipata Nobel 2009. Yote hayo muuzaji aliyasema sawasawa. Alipofika kwenye chupa ndipo akaanza hadithi.

Msomaji wa Lindi: ndiyo, kobe wa Changuu walitoka Shelisheli. Namba zilizoandikwa kwa rangi migongoni mwao ni umri, lakini ni umri kama wa mama yangu.